Wapenda miti wasionena: Je, mwanachama aliye kimya ana mchango gani?

KATIKA kila kikundi cha wapenda miti nchini, kuna watu wa aina mbili. Kuna wanaosema na kuna wanaosikiliza. Wa kwanza ni wachache: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwanachama mmoja au wawili wasiokosa hoja. Wa pili ndio wengi. Hufika mkutanoni, huketi nyuma, husikiliza mambo ya mbegu, samadi na mvua, kisha hurejea makwao bila kutamka neno.

Viongozi wengi wa vikundi hivyo hujiuliza: Je, hawa walio kimya ni wanachama kweli, au ni wadoezi wanaofaidi jasho la wenzao? Swali hilo si la mzaha. Jibu lake huamua ni nani atakayegawiwa miche, ni nani atakayeruhusiwa kuokota kuni msituni na, zaidi ya yote, ni nani atakayehesabiwa kuwa ameshauriwa wakati hatima ya msitu inapoamuliwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata hivyo, kimya si cha aina moja. Kuna kimya cha anayetenda, kimya cha anayejifunza na kimya cha aliyezibwa mdomo. Viwili vya kwanza ni nguvu ya kikundi. Cha tatu ni hatari, kwa kikundi na kwa msitu wenyewe.

Ahadi ya vitendo

Hapa Kenya, desturi ya watu kujiunga pamoja kwa ajili ya miti ina zaidi ya miaka mia moja. Mnamo 1922, katika eneo la Kikuyu, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, Richard St. Barbe Baker, alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo kuanzisha kundi lililoitwa Watu wa Miti. Baker alikuwa ametambua kwamba jamii ilikuwa na ngoma za msimu wa kupanda na za mavuno. Ndipo ikaandaliwa ngoma ya miti, na vijana wakala kiapo.

Kiapo hicho kiliwataka kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Hakikumtaka mtu awe msemaji hodari. Mwanachama alipimwa kwa kile alichokiacha ardhini. Kundi hilo lilienea hadi Uingereza mnamo 1924, na hadi leo lingali hai kwa jina la International Tree Foundation.

Ukishuka Pwani, utakuta mfano wa kale zaidi. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo baadhi yake iliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mnamo 2008, ilihifadhiwa kwa miiko. Wazee wa kaya ndio waliokuwa na kauli. Lakini miiko ya wazee pekee isingeweza kuokoa hata mti mmoja, iwapo watu wa kawaida wasingeitii. Mkulima aliyepita kando ya kaya na shoka lake begani bila kukata tawi alishiriki katika kuulinda msitu huo, ijapokuwa jina lake halijaandikwa popote.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya kazi ya miti na kazi nyingine za umma. Sehemu kubwa ya kushiriki kwenyewe ni kujizuia: kutokata, kutochoma, kutoachilia mbuzi katika shamba la miche. Matendo hayo hayapigiwi makofi wala hayapigwi picha.

Isitoshe, mti hupandwa kwa dakika chache lakini hutunzwa kwa miaka. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, na viongozi wakaonekana kila pembe ya nchi wakishika majembe. Siku kama hiyo haikosi wasemaji. Mtihani huja Januari na Februari, mvua za vuli zinapokwisha na ardhi kukauka. Wakati huo mche huhitaji mtu wa kuubebea mtungi wa maji, kuupalilia na kuuwekea uzio wa miiba. Mara nyingi mtu huyo ni yule yule aliyeketi nyuma.

Kujifunza kwa macho

Kimya cha pili ni cha anayejifunza. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanzisha mradi wa upanzi wa miti mnamo Juni 5, 1977, mradi uliokuja kuwa vuguvugu la Green Belt, aliwaendea wanawake wa mashambani. Wataalamu wa misitu walialikwa wawafunze, lakini maelezo yao yalikuwa na istilahi nyingi kiasi cha kuwapita wanawake hao kando. Maathai aliwahimiza watumie maarifa waliyokuwa nayo tayari kama wakulima: kuokota mbegu za miti ya kienyeji, kuziotesha hata katika vyombo vilivyovunjika, na kutazama zinavyochipuka.

Mwanamke aliyeshindwa kuuliza swali mbele ya mtaalamu hakushindwa kutazama kitalu cha jirani yake. Aliona udongo ulivyochanganywa, akaona kivuli kilivyowekwa, akaenda kujaribu kwake. Vuguvugu hilo liliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulionawiri baada ya kupandwa. Hivyo basi malipo hayakutolewa kwa kuhudhuria wala kwa kuzungumza, bali kwa mti ulio hai. Kufikia mwaka wa 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Wasomi nao wamelichunguza jambo hili. Mnamo 1991, Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha utafiti ulioeleza jinsi watu wanavyojifunza kazi kwa kuanzia pembeni. Miongoni mwa mifano yao walikuwa mafundi wa cherehani nchini Liberia. Mwanagenzi huanza kwa kutazama na kufanya kazi ndogo ndogo, kisha polepole husogea katikati. Kwa mtazamo wao, kuwa pembeni ni njia halali ya kuingia katika jamii ya wenye ujuzi. Kwa hivyo, kikundi kinachomfukuza mwanachama kwa sababu hasemi huenda kinamfukuza fundi wake wa kesho.

Kimya kinapogeuzwa kuwa idhini

Kimya cha tatu ndicho kinachopaswa kututia wasiwasi. Huyu hasemi kwa sababu hawezi kusema. Huenda ni mwanamke anayejua kwamba shamba anamopanda miti ni mali ya mume au mkwe, na kwamba siku miti itakapokomaa si yeye atakayeamua ikatwe au isikatwe. Huenda ni kijana anayeambiwa asiwakatize wazee. Huenda ni mchungaji wa mifugo au mchoma makaa ambaye anajua kuwa uamuzi wowote utamgusa yeye kwanza, lakini anaogopa kushtakiwa akijitokeza.

Watu hawa nao hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria. Orodha hiyo hubebwa hadi afisini na kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Mtu aliyenyamaza kwa hofu huandikwa kuwa amekubali.

Sheria za nchi zinataka zaidi ya hayo. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitwika serikali jukumu la kuhimiza umma kushiriki katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Kabla ya hapo, Sheria ya Misitu ya 2005 ilikuwa imetambua vyama vya kijamii vya misitu, na sheria iliyochukua nafasi yake mnamo 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Kupitia kwa vyama hivyo, wakazi wanaweza kupata haki kama vile kuokota kuni kavu, kukata nyasi za mifugo na kuweka mizinga ya nyuki. Haki hizo ni riziki. Anayenyamaza siku ya kuzigawa huenda akalala njaa.

Athari ya kimya cha namna hii ilidhihirika katika msitu wa Karura, jijini Nairobi. Katika miaka ya tisini, sehemu za msitu huo wenye zaidi ya hekta 1,000 ziligawiwa watu binafsi bila umma kujulishwa. Mnamo 1998, habari zilipofichuka, Maathai na wenzake walianza kwenda huko kupanda miti. Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani kupinga unyakuzi huo. Leo Karura ni mahali ambapo wakazi wa jiji hutembea kwa utulivu. Lau wote wangenyamaza, pangekuwa na nyumba za kifahari.

Namna ya kuwasikia walio kimya

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mnamo 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi jamii zinavyotunza misitu, malisho na maji. Aligundua kwamba mali ya pamoja hudumu mahali ambapo wanaoathiriwa na kanuni wanapata nafasi ya kuzibadilisha, na ambapo wanajamii wenyewe hufuatilia kama zinatiiwa. Hakusema kwamba lazima kila mtu ahutubu. Jambo la msingi ni nafasi iwepo, na kila mmoja ajue ipo.

Kijijini Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unaonyesha kwa nini nafasi hiyo ni muhimu. Tangu 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakihifadhi hekta 117 za mikoko na kupata fedha kwa kuuza hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha hizo hutumika kwa mambo ya kijiji, yakiwemo maji na elimu. Msitu unapoleta fedha, swali la nani ameulizwa maoni huwa zito mara dufu.

Kiongozi wa kikundi anaweza kufanya nini? Kwanza, awagawe wanachama katika makundi madogo, wanawake peke yao na vijana peke yao, kabla ya kikao cha wote. Asiyethubutu kusema mbele ya watu mia huweza kusema mbele ya watano. Pili, atumie kura zisizohitaji maneno. Wataalamu wa maendeleo vijijini wamezoea kuwaomba watu waweke kokoto au maharagwe juu ya picha ya jambo wanalolipendelea. Tatu, mkutano uendeshwe kwa lugha ya wenyeji, na saa ambayo mama hajashughulika na mifugo au jikoni. Nne, kazi za kimya zihesabiwe: nani amemwagilia, miche mingapi imesalia baada ya kiangazi.

Mwisho, kumbukumbu za mkutano zisiandike kuwa wote wamekubali ilhali waliozungumza ni watatu. Ziandike waliosema ni wangapi, na waliobaki wafuatwe na kuulizwa.

Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Lengo hilo haliwezi kutimizwa na wasemaji peke yao, kwani maneno matupu hayavunji mfupa. Litatimizwa, iwapo litatimizwa, na mamilioni ya watu ambao hatutawahi kusikia sauti zao. Wanaonyamaza kwa hiari, huku mikono yao ikifanya kazi, waachwe wanyamaze kwa amani. Wanaonyamaza kwa hofu wapewe nafasi ya kusema kabla ya msumeno kuwashwa.