Mafundi wa Vibanda vya Magurudumu

Wanachama wetu walijua vema dungu la mlinzi wa mpunga, na kambi ya makuti inayopigwa msimu wa karafuu ili wachumaji wapate pa kulala karibu na mikarafuu. Kazi ya shamba ina nyakati zake ambazo mtu hawezi kurudi nyumbani. Huko kusini ya Uingereza, katika majimbo ya Dorset, Wiltshire na Hampshire, wachungaji wa kondoo walikuwa na haja hiyo hiyo, ila wao walitaka kibanda cha kuhamishika, na mafundi wao wakakitia magurudumu. Tumeona habari za mafundi hao zafaa kusomwa na wakulima, maana kazi yao ilikaribia kufa kabisa, kisha ikafufuka kwa njia isiyotazamiwa.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini kibanda kitembee. Nchi ile ni ya vilima vya chokaa, na udongo wake ni mwembamba. Zamani mkulima wa ngano hakuwa na mbolea ya dukani. Mbolea yake ilikuwa kondoo. Alilifungia kundi zima ndani ya ua wa fito, juu ya kipande cha shamba kilichopandwa tanipu, mboga ya mzizi iliyo jamaa ya kabichi. Kondoo wakala, wakatia samadi, wakaikanyaga, na siku ya pili ua ukasogezwa mbele. Kwa namna hiyo shamba lote lilipata mbolea bila ya mtu kubeba hata pakacha moja. Mchungaji alilifuata kundi, na kibanda kikamfuata yeye, kikikokotwa na farasi. Wakati wa kondoo kuzaa ndio uliokuwa mzito, kwa kuwa alikesha nao wiki kadha wa kadha katika baridi kali.

Vibanda vya namna hii vyatajwa katika vitabu vya Kiingereza tangu mwisho wa karne ya 16, lakini vingi vilivyobaki ni vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Vingine vilifanywa na seremala wa kijiji pamoja na mhunzi jirani yake. Vingine vilitoka katika viwanda vya zana za kilimo, kama Reeves wa Bratton, Farris wa Coombe Bissett, na Tasker wa karibu na Andover.

Kibanda chenyewe si kikubwa: urefu kama futi 12, upana 6 au 7. Paa ni la bati lililopindwa mfano wa mgongo. Mlango uko upande mmoja, nao huelekezwa pasipo upepo. Una vipande viwili, cha juu hufunguliwa mchungaji apate kusikiliza kundi, na cha chini hubaki kimefungwa. Madirisha yako kushoto na kulia. Pembeni pana jiko dogo la chuma, ukutani kisanduku cha dawa, na chini ya kitanda pana kizimba cha wana-kondoo wagonjwa au waliofiwa na mama zao. Basi mtu alilala juu, wagonjwa wake chini, na joto wakagawana.

Joto hilo lilikuwa na hatari yake. Mwandishi Thomas Hardy, aliyezaliwa Dorset mwaka 1840, katika kitabu chake Far from the Madding Crowd cha mwaka 1874 asimulia jinsi mchungaji Gabriel Oak alivyonusurika kufa kwa kulala kibandani jiko linawaka na matundu ya hewa yote yamezibwa. Sisi tunaopikia makaa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Fundi wa leo asiyeanza na matundu ya hewa hafai kupewa kazi.

Ikaja mbolea ya viwandani, likaja trekta, na mishahara ya wachungaji ikapanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na zaidi baada ya mwaka 1945, mtindo wa kuhamisha ua wa kondoo kila siku ukaachwa. Vibanda vikatupwa penye nyua za miti, vikawa mabanda ya kuku na stoo za majembe. Hapakuwa na aliyeagiza kipya, na waliojua kuvijenga wakafa na ujuzi wao.

Tangu miaka ya kukaribia 2000 maseremala wachache, huko Dorset na kwingineko, wakaanza tena katika karakana ndogo ndogo. Mwalimu wao alikuwa kibanda kibovu. Walikitoa majanini, wakabandua bati moja moja, wakapima kila mbao na kuweka kila parafujo. Gurudumu ndilo lililowasumbua, kwa sababu ni la chuma cha kusubu. Ukilichukua gurudumu la zamani ukalikandamiza katika mchanga ili kupata kalibu, gurudumu jipya litatoka dogo kuliko la kwanza, maana chuma kikipoa husinyaa, kama sehemu moja katika mia. Kwa gurudumu la futi mbili hiyo ni robo ya inchi. Hivyo hapana budi fundi achonge mfano wa mti ulio mkubwa kidogo, ndipo msubu chuma aifanye kazi yake. Na bati la paa nalo lina adabu yake: hupitishwa polepole baina ya roda mpaka likubali kupinda, na likilazimishwa hukunjika mifuo likawa halifai.

Katikati ya kuta, baina ya mbao na bati, karakana nyingi hutia sufi ya kondoo kuzuia baridi. Twapenda jambo hilo kuliko yote.

Wanunuzi lakini si wachungaji. Ni watu wanaotaka chumba cha mgeni bustanini, au mahali pa kuandikia. Mwaka 2017 David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alinunua kimoja kwa paundi 25,000, na magazeti yakamcheka. Kwa maoni yetu, vingine vya siku hizi vyenye bafu na taa za kila namna vimebaki na jina tu. Hata hivyo fedha hizo ndizo zinazomlipa seremala, na msubu chuma, na kijana anayejifunza kwao.

Karakana hizo hupokea pia vibanda vya zamani vya kutengenezwa. Mbao nzima hurudishwa mahali pake, mbovu hutolewa. Katika baadhi yao, mbao za ndani zina maandishi ya penseli: hesabu ya wana-kondoo, tarehe, theluji ya mwaka fulani. Fundi mwangalifu hazipaki rangi hizo mbao.