Nani Ataitwa Jukwaani: Utangulizi wa Somo la Tuzo za Gemu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Warren Robinett alikuwa mwajiriwa wa Atari huko California, na kampuni hiyo haikuwa na desturi ya kuwataja mafundi wake, si kwenye kasha wala kwenye kioo. Alipokuwa akiitengeneza gemu ya Adventure, alichomeka ndani yake chumba cha siri. Mchezaji hukifikia kwa kubeba nukta ndogo ambayo ni shida kuiona, na akishaingia hukuta maandishi yanayomtaja Robinett kuwa ndiye aliyeitengeneza. Mabosi hawakujua. Walikuja kuarifiwa kwa barua ya kijana mmoja mchezaji, na wakati huo mwenye jina alikwishaacha kazi.

Msomaji wa tenzi hatashangaa. Watunzi wetu wengi wa kale walipofika beti za tamati walijitaja, pengine na ukoo au mji wao, ili kazi isibaki bila mwenyewe. Robinett alikuwa akijitafutia ubeti wake wa tamati. Somo ninalokukaribisha limejengwa juu ya hamu hiyohiyo: kazi ikifanywa na watu wengi, wakati mwingine mamia, nani atajwe, na nani ana mamlaka ya kutaja? Kila mwaka swali hili hujibiwa hadharani, kwenye hafla za tuzo za gemu. Hulazimiki kuwa mchezaji hodari ili ulifuatilie. Hata kama gemu umezijua kwa kusimama nyuma ya wenzako kwenye kibanda cha mtaani, una nafasi hapa.

Anza na wapiga kura. Tuzo za Golden Joystick, zilizoanza Uingereza mwaka 1983, hutegemea zaidi kura za wachezaji. The Game Awards, iliyoanzishwa na mtangazaji Geoff Keighley mwaka 2014, ina jopo la vyombo vya habari lenye asilimia 90 ya uzito wa kura. Umma umeachiwa asilimia 10. Tuzo za D.I.C.E. za Marekani, na zile za BAFTA, chama cha Uingereza tulichozoea kukisikia kwenye habari za filamu, huwategemea watu wa kazi yenyewe. Kwa hiyo tuna waamuzi wa aina tatu: mshabiki, mwandishi na fundi mwenza.

Ukidhani tofauti hiyo ni ya makaratasi tu, tazama gemu za mwaka 2024. Golden Joystick iliipa ushindi mkuu Black Myth: Wukong, kazi ya studio ya China iliyochota shujaa wake kwenye hadithi ya kale ya Mfalme Nyani. The Game Awards, D.I.C.E. na BAFTA zote ziliichagua Astro Bot ya Team Asobi ya Tokyo, ambamo roboti mdogo anarukaruka kutoka sayari hadi sayari. Mwanafunzi mgeni hukimbilia kuuliza nani alikosea. Lenye faida zaidi ni kuuliza kila kundi lilikuwa likipima nini. Kura ya umma inaweza kubeba fahari ya watu wanaoiona hadithi yao ikisimama na wakubwa. Fundi naye hutazama jinsi mruko mmoja ulivyosawazishwa hata mchezaji asihisi jasho lililomwagika.

Kisha soma vipengele. Waswahili tuna mfano wa karibu: "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili ambao Christopher Tin aliutungia gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Mwaka 2011 ulipata Grammy, ukawa muziki wa kwanza wa gemu kufika hapo. Lakini uliingilia kwenye kipengele cha upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji, kwa sababu muziki wa gemu haukuwa na mlango wake peke yake. Mlango huo ulitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Katika miaka hiyo 12 watunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni kipengele.

Mfano wa pili unauma zaidi. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake, na msiba huo ndio uliozaa Tales of Kenzera: Zau, iliyotengenezwa na studio yake, Surgent, na kutolewa Aprili 2024. Mganga kijana anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Gemu hiyo ina hata sauti za Kiswahili. Aprili 2025, jijini London, BAFTA iliipa tuzo inayotolewa kwa gemu zinazovuka burudani. Lakini tangu mwaka uliotangulia studio ilikuwa imepunguza wafanyakazi, kisha ikaisimamisha timu yake ya gemu. Gemu iliitwa jukwaani wakati baadhi ya mikono iliyoijenga haikuwapo tena studioni. Tuzo humpa fundi jina. Mkataba ni habari nyingine.

Huhitaji maktaba ili uanze. Chagua hafla moja na mwaka mmoja. Andika nani walipiga kura, vipengele gani vilikuwepo na kazi gani haikuwa na kipengele. Andika pia nani alipanda jukwaani na alipewa dakika ngapi: mwaka 2023 The Game Awards ililaumiwa kwa kuwaharakisha washindi washuke, huku matangazo ya gemu zijazo yakipewa nafasi ya kutosha. Halafu cheza gemu unayoipenda mpaka mwisho, na majina yanapoanza kupita usibonyeze kitufe cha kuyaruka. Yahesabu. Hizo ndizo beti za tamati za gemu, na wengi waliomo hakuna hafla iliyowahi kuwaita. Anzia kwao.