Kodi Iliyomo Kikapuni mwa Mama



Kila ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husoma bajeti ya serikali bungeni. Aghalabu majumbani mwetu habari hizo huachiwa wanaume na wanasiasa. Mama anayechoma mahamri ya kuuza hujisemea kuwa yeye hana mshahara, kwa hivyo hana kodi. Dhana hiyo si sahihi, na yamdhuru mwenyewe, kwani mtu hadai haki ya mali asiyojua kuwa aliitoa.

Ushuru wa VAT nchini Kenya ni asilimia 16, nao hufichwa ndani ya bei. Anunuaye sabuni na mafuta ya kupikia ya shilingi 1,160 ameshatoa shilingi 160 za kodi pale pale dukani. Kredi ya simu imo. Mafuta ya petroli nayo yamo: Julai 2023 yalianza kutozwa asilimia 16 badala ya 8, na gharama hiyo hupanda matatu pamoja na abiria, ikashuka sokoni pamoja na gunia la viazi.

Na tupige mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza huingiza shilingi 16,000 kwa mwezi, na katika hizo hutumia 5,800 kwa vitu vyenye ushuru. Kodi yake ni shilingi 800, yaani asilimia 5 ya pato lote. Ya pili huingiza 400,000, ikanunua vitu vya aina hiyo kwa 29,000. Kodi yake ni 4,000, ambayo ni asilimia 1 tu. Tajiri ametoa fedha nyingi zaidi, lakini maskini ndiye aliyeelemewa. Wala hapana aliyedhulumu kwa mizani; ni kodi yenyewe isiyouliza mlipaji ana nini.

Sisi tuliolelewa katika fiqhi ya zaka twaielewa tofauti hii upesi. Zaka ya mali haimgusi asiyefikia nisabu. Huangalia kilichobaki mkononi mwa mtu baada ya mwaka mzima wa Hijria kupita, kisha ndipo hutolewa asilimia mbili na nusu. VAT haingojei mwaka wala haitazami akiba. Humkuta mjane na mwenye meli kwenye rafu moja. Wala kodi ya serikali haisimami mahali pa zaka, lakini kipimo cha uadilifu twaweza kukitumia kote kuwili: mzigo uwe kwa kadiri ya uwezo.

Katiba ya mwaka 2010 nayo yasema hivyo katika kifungu cha 201, kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kodi ya mapato ya mshahara hulikaribia lengo hilo. Huanza kwa asilimia 10, ikapanda kwa ngazi hadi asilimia 35 kwa kile kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi. Tena kila mfanyakazi husamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi, hivyo mwenye mshahara wa 24,000 halipi kodi hiyo.

Njia nyingine ni kuviondolea ushuru vitu vya lazima. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havina VAT. Sodo za wasichana ziliondolewa ushuru huo mwaka 2004. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka mkate utozwe asilimia 16, wananchi walipiga kelele, pendekezo likafutwa, na baadaye mswada mzima ukakosa saini ya Rais. Hata hivyo nafuu hii ina upungufu wake: mwenye nacho naye hununua mkate ule ule, akasamehewa sawasawa na asiye nacho.

Kwa sababu hiyo, nusu ya pili ya bajeti, yaani matumizi, ndiyo yenye nguvu zaidi ya kupunguza pengo. Shilingi moja ikijenga zahanati kijijini humfaa yule asiyeweza kwenda hospitali ya kulipia. Elimu ya msingi bila ada, tangu 2003, iliwafikisha darasani watoto ambao wazazi wao hawangeweza. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi.

Pwani yetu ina fungu lake maalumu. Kifungu cha 204 kimeunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kaunti 14 zilizotajwa mwanzo zilikuwamo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Lakini mabishano ya kisheria juu ya usimamizi wake yalizichelewesha fedha hizo miaka mingi, huku akina mama wakiendelea kuteka maji mbali. Haki iliyoandikwa karatasini haijawa maji mtungini.

Hapa ndipo panapotuhusu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo sheria inataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo vikifanywa, mara nyingi hujaa wanaume, na wanaume huomba barabara. Anayejua kisima kimekauka lini, na mtoto aliyeugua usiku alibebwa umbali gani, ni mama.

Basi vikundi vya akina mama na kamati za misikiti na waulizie kwa mwakilishi wa wadi tarehe ya kikao. Waende wawili watatu, na maombi yao wayaandike: kisima kipi, zahanati ipi, dawa zipi. Mwaka ukiisha waulize tena, ombi hili limetengewa shilingi ngapi, na ngapi zimetumika. Mama aliyelipa shilingi 160 juu ya sabuni haombi sadaka aulizapo hivyo. Anadai hesabu ya mali yake.