Kinywa Kinapokauka Baada ya Mionzi

Mate hutengenezwa na jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, moja chini ya taya na moja chini ya ulimi. Tezi nyingine ndogo, zinazohesabika kwa mamia, zimetapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, akayameza bila hata kufikiri. Mate hulainisha tonge lipite, huanza kusaga wanga, hupunguza makali ya asidi, huzuia vijidudu na kuyarudishia meno madini yanayopotea kila baada ya mlo. Hata ladha haionjeki mpaka chakula kiyeyuke ndani yake.

Saratani za kinywa, koo, zoloto na sehemu ya nyuma ya pua hutibiwa mara nyingi kwa mionzi, peke yake au pamoja na upasuaji na dawa. Dozi nzima kwa kawaida hufika Gray (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70, hutolewa kidogo kidogo siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Tezi za mate zimekaa katika njia ya miale hiyo, na hudhurika upesi: mate huanza kupungua tangu wiki ya kwanza. Zilizo dhaifu zaidi ni zile za mbele ya masikio, ambazo ndizo zinazotoa mate mepesi wakati wa kula. Ndiyo maana mate yanayobaki huwa machache, mazito na yenye kunata, na mgonjwa hulalamika kwamba koo limejaa makohozi huku ulimi umekauka.

Kinga huanzia kwenye mpango wa tiba. Wastani wa dozi kwenye tezi ya mbele ya sikio ukizidi takriban Gray 26, matumaini ya tezi hiyo kurudia kazi yake hupungua sana. Mashine zinazoweza kubadilisha nguvu ya miale sehemu kwa sehemu huupiga uvimbe na kuziepusha tezi kadiri inavyowezekana. Utafiti wa PARSPORT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha faida hiyo waziwazi: mwaka mmoja baada ya tiba, waliosumbuliwa na ukavu wa kinywa walikuwa asilimia 38 kati ya waliotibiwa kwa njia hii, dhidi ya asilimia 74 kwa njia ya zamani. Uvimbe ukiwa karibu mno na tezi, kuuangamiza hutangulia. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake, kabla ya siku ya kwanza, ni tezi zipi zitakazoweza kuokolewa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni meno, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Ukavu husikika kila dakika, lakini meno huoza kimyakimya. Bila mate, hutoboka penye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, na kazi hiyo yaweza kuchukua miezi michache tu. Jino bovu kwa mtu wa kawaida hung'olewa, yakaisha. Kwa aliyepigwa mionzi kwenye taya si hivyo: mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa imeharibika, kidonda cha jino huenda kisifunge, na mfupa waweza kufa na kubaki wazi. Hatari hiyo haiishi kwa mwaka mmoja wala miwili. Hudumu maisha yote. Kwa hiyo meno yasiyoweza kuokolewa hutolewa kabla ya mionzi, na fizi hupewa angalau wiki mbili kupona. Katika Afrika Mashariki, ambako watu wengi humwendea daktari wa meno pale tu jino linapouma, hatua hii ni rahisi kurukwa, hasa kwa mgonjwa aliyesafiri kutoka mikoani hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi na ambaye mawazo yake yote yako kwenye saratani. Isirukwe.

Nyumbani, meno hupigwa mswaki wa nywele laini mara mbili kwa siku au zaidi, kwa dawa yenye floraidi. Daktari anaweza kuandika ile kali ya sehemu 5,000 kwa milioni. Baada ya kupiga mswaki hutemwa povu tu, bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Mswaki wa mti huchubua fizi zilizokauka, tena hauna dawa hiyo.

Maji ya kunywa kidogo kidogo ndiyo msaada wa karibu zaidi, na chupa haina budi kufuatana na mgonjwa popote aendapo. Ya kusukutulia hutengenezwa kwa robo ya kijiko cha chai cha bekingi soda na nusu ya kiasi hicho cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Hayamezwi, na baadaye kinywa husuuzwa kwa maji matupu. Hapa uangalifu unahitajika dukani: bekingi soda si bekingi pauda, wala si magadi ya kuchemshia maharage, ambayo ni makali.

Soda, juisi na chai ya sukari inayonywewa funda kwa funda mchana kutwa hulowesha ulimi na kuyamaliza meno. Pipi ni vivyo hivyo. Afadhali chingamu isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli, kwani kutafuna huamsha tezi zilizobaki. Pombe, sigara, ugoro na mirungi viachwe kabisa, na dawa za kusukutulia zenye spiriti pia.

Mapishi ya kwetu yana mengi ya kumfaa mgonjwa huyu. Ugali mkavu humkwama, lakini ugali laini kwa mlenda au bamia hupita. Mtori, uji, ndizi za nazi, wali wenye mchuzi mwingi, mtindi, parachichi na papai humfaa pia. Pilipili, ndimu, ukwaju na embe bichi huchoma, hasa vidonda vya mionzi vikiwa bado havijapona.

Baadhi ya dawa za kawaida huzidisha ukavu, zikiwamo zile za mafua na mzio, amitriptilini na morfini. Daktari aelezwe zote zinazotumika, lakini mgonjwa asiziache mwenyewe. Mate ya bandia hulainisha kwa muda mfupi. Vidonge vya pilokapini huchochea tezi zilizobaki hai, ila huleta jasho jingi, na haviwafai wenye pumu isiyodhibitiwa na baadhi ya wagonjwa wa presha ya macho. Utandu mweupe unaoambatana na kuwashwa au kuungua mara nyingi ni fangasi, na hutibika.

Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa Mwislamu anayehitaji kunywa maji mchana kutwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga.

Tezi zilizookolewa huendelea kurudisha mate kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Ukavu unaobaki baada ya hapo kwa kawaida ni wa kudumu. Aliyewahi kutibiwa kwa mionzi ya kichwa au shingo, hata kama imepita miaka ishirini, na amwambie daktari wa meno habari hiyo kabla jino lolote halijaguswa.