Kisukari na Ugonjwa wa Fizi
Ugonjwa wa fizi huanza na ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye shina la jino. Usiposafishwa hugeuka ugaga mgumu. Fizi huvimba, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, na hatimaye mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, uharibifu huo huenda kasi zaidi, kwani sukari nyingi katika damu hudhoofisha kinga na kuchelewesha vidonda kupona.

Fizi nazo huathiri kisukari, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha. Uvimbe wa muda mrefu kinywani hutoa kemikali zinazosambaa katika damu na kupunguza nguvu ya insulini, hivyo sukari hupanda. Tafiti zimeonyesha kwamba matibabu ya kina ya fizi hushusha kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Hicho si kiasi cha kupuuzwa, ingawa dawa za kisukari haziachwi.

Moyo pia unahusika. Bakteria wa kinywani wakiingia katika damu wanaweza kushambulia vali bandia. Kwa hiyo mwenye vali hiyo hupewa antibiotiki, kwa kawaida amoksilini, kabla ya kung'olewa jino. Daktari wa meno anahitaji kuambiwa habari hiyo mapema, pamoja na dawa zote anazotumia mgonjwa: za kuzuia damu kuganda huongeza kutokwa damu, na fenitoini ya kifafa huweza kunenepesha fizi.