Msumeno wa Injini: Usiangushe Mti Bila Bawaba

Wakulima wengi waliopanda mikaratusi na migrevilia (ambayo wengine huiita mukima au mubariti) kwenye mipaka ya mashamba yao, sasa wana miti iliyokomaa. Miti hiyo ni mali. Hutoa kuni, nguzo na mbao, na mara nyingi ndiyo inayolipa karo ya watoto. Zamani mti mkubwa uliangushwa kwa shoka na msumeno wa watu wawili, na jasho lilikuwa jingi. Siku hizi msumeno wa injini, ambao wengi huuita pawasoo, humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Kwa hiyo wako wanaoununua au kuuazima asubuhi, na kabla ya saa sita mchana wamekwisha kuanza kuangusha miti.

Hapo ndipo penye hatari. Watu husema kwamba ajali haina kinga. Katika kazi hii neno hilo si la kweli. Ajali nyingi za miti zina kinga, na yafaa kila mwenye msumeno azijue kabla ya kuvuta kamba ya injini. Kinga iliyo kubwa kuliko zote haiuzwi dukani. Imo ndani ya mti wenyewe, nayo ni bawaba.

MENO YA MNYORORO

Msumeno huu una mnyororo unaozunguka juu ya upanga wa chuma. Injini ikienda kasi, mnyororo hupita mita 20 hivi kwa sekunde moja. Minyororo ya kwanza ilikuwa na meno kama ya msumeno wa kawaida, nayo ilihitaji kunolewa mara kwa mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox wa jimbo la Oregon, alimtazama buu wa mdudu akila mti. Buu huyo alikula kushoto na kulia kwa taya zake, akaendelea mbele bila taabu. Cox akatengeneza mnyororo wa kufuata mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Ukitazama mnyororo wako utaona hivyo hivyo: jino moja la kulia, linalofuata la kushoto, kwa zamu.

Jino kali hutoa vipande vidogo vya mti. Jino butu hutoa unga. Ukiona unga, zima injini na unoe. Usisukume msumeno kwa nguvu, maana mtu anayesukuma huchoka, na aliyechoka huteleza. Noa kwa tupa ya mviringo ya unene ulioandikwa katika kitabu cha mashine yako. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya digrii 30 katika minyororo mingi. Ukisukuma mara tatu kwenye jino la kwanza, sukuma mara tatu kwenye kila jino. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya upande wa pili, msumeno utakata kwa kupinda.

PETROLI NA MAFUTA YAKE

Injini ya pikipiki nyingi za siku hizi ina mahali pake pa kuwekea oili. Injini ya msumeno haina. Oili yake huchanganywa na petroli, na ukiweka petroli tupu injini itakwama na kuharibika. Tumia oili ya injini za namna hii, wala si oili ya gari. Misumeno mingi ya sasa hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita 1, au mililita 100 kwa lita 5. Lakini fuata kitabu cha mashine na maandishi ya chupa. Changanya ndani ya mtungi safi, tikisa vizuri, kisha ndipo umimine. Usichanganye kwa miezi mingi. Mchanganyiko wa wiki nne unatosha.

Mnyororo nao una oili yake katika tangi la pili. Usitumie oili chafu iliyotolewa katika gari. Ina vumbi la chuma linalokula upanga, tena ni mbaya kwa ngozi yako.

TEKE LA MSUMENO

Punda hupiga teke kwa nyuma. Msumeno hupiga kwa ncha. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa mti, mnyororo huuma bila kukata, na upanga wote hurushwa juu na nyuma, kuelekea uso wako. Hutokea upesi kuliko mkono unavyoweza kuzuia. Kwa hiyo shika msumeno kwa mikono miwili daima, na vidole gumba viwe vimezunguka mishikio. Simama kando kidogo ya mstari wa upanga. Usikate juu ya mabega yako, wala usipande ngazi na msumeno.

Mbele ya mkono wa kushoto iko breki ya mnyororo. Ijaribu kila asubuhi. Msumeno ambao breki yake imevunjika usiuazime, hata ukipewa bure. Vaa kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio, viatu vyenye chuma mbele, na suruali ya kazi hii yenye nyuzi zinazouzuia mnyororo. Bei yake si ndogo, lakini mguu hauna bei.

KABLA YA KUUKATA MTI

Uzunguke mti kwanza. Umeinamia wapi? Upepo watoka wapi? Yako matawi makavu yanayoweza kukuangukia? Kama pana nyaya za umeme karibu, usiuguse. Iarifu kampuni ya umeme. Mti ulioinama sana, uliooza ndani, au ulio mnene kuliko urefu wa upanga wako, mwachie fundi mwenye ujuzi.

Kisha pima urefu. Chukua fimbo iliyo sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi, mkono ukiwa umenyooshwa. Ishike wima mbele yako, urudi nyuma penye ardhi sawa mpaka fimbo ionekane sawa na mti, kutoka shina hadi kilele. Mahali uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti. Watu wote na mifugo wakae mbali mara mbili ya urefu huo: mti wa mita 20, watu mita 40. Wewe mwenyewe fyeka njia mbili za kukimbilia, zikielekea nyuma na kando, mbali na upande utakaoangukia mti. Tena usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu wa kuitwa.

BAWABA NI NINI?

Mlango hufunguka kwa utaratibu kwa sababu ya bawaba. Ukiziondoa, mlango utakuangukia. Mti ni vivyo hivyo. Bawaba ya mti ni ukanda wa mbao usiokatwa, unaoachwa kati ya pengo la mbele na mkato wa nyuma, toka ubavu hadi ubavu. Huo ndio unaoushika mti unapoanguka na kuuelekeza.

Tuchukue mti wenye unene wa sentimita 40.

Kwanza, kata pengo upande unaotaka mti uangukie. Mkato wa juu ushuke mshazari, wa chini uwe wa kulala, na yote miwili ikutane bila kupitana. Kina cha pengo kiwe robo ya unene, yaani sentimita 10. Mdomo wake uwe mpana. Mdomo mwembamba hufunga mapema, na shina laweza kupasuka wima na kuruka nyuma.

Pili, kata upande wa nyuma, mkato wa kulala, sentimita 3 hadi 5 juu ya sakafu ya pengo. Ukishaingia kiasi cha kutosha, piga kabari nyuma ya msumeno ili mti usiubane.

Tatu, simama kabla ya kulifikia pengo. Acha bawaba ya sehemu moja ya kumi ya unene, yaani sentimita 4, iliyo sawa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Basi katika sentimita 40, pengo limechukua 10, bawaba 4, na mkato wa nyuma ni 26. Usizidishe. Ukiikata bawaba yote, mti hauna tena wa kuushika na utaanguka upendako wenyewe. Ukiikata upande mmoja zaidi, utavutwa na upande uliobaki.

Mti ukianza kwenda, zima msumeno, uondoke kwa njia uliyoifyeka, na macho yaangalie juu. Ukinaswa na mti mwingine, usipite chini yake, wala usiukate ule ulioushika. Uvute shina kwa kamba ndefu na trekta, mkiwa mbali.

SHERIA

Kabla ya kukata miti ya biashara, uliza katika ofisi ya misitu iliyo karibu nawe juu ya kibali cha kukata na cha kusafirisha mbao. Tena kumbuka kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwa na msumeno wa namna hii ndani ya msitu wa umma bila ruhusa.

KISIKI HAKIFICHI

Pengine baada ya kusoma haya utaona ni heri kumlipa fundi. Si aibu. Lakini hata hivyo maarifa haya yatakufaa. Akimaliza mti wa kwanza, nenda ukatazame kisiki. Ukiona ukanda wa nyuzi zilizovunjika, wenye unene ulio sawa toka ubavu hadi ubavu, huyo anajua kazi yake. Ukiona kisiki kimekatwa laini chote, bila alama ya bawaba, mlipe mti huo mmoja na umwage kwa heri, kabla hajauangusha wa pili juu ya nyumba yako au juu yake mwenyewe. Mti uliokaa shambani miaka 15 unaweza kungoja wiki moja mpaka apatikane anayejua.