Kaa Naye Apimiwe Kibaba

Katika visiwa vya Delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, kaa koko ni mali. Wananchi wa Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala humtoa katika mashimo yaliyo chini ya mikoko, wakamfunga magando, wakampakia katika matenga akiwa hai, naye akasafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka huko wengi hupelekwa nchi za nje, hasa China. Lakini mnunuzi hatafuti gamba, anatafuta nyama. Kaa aliyejivua gamba siku za karibuni huwa mwepesi, maana ndani yake mna maji mengi kuliko nyama. Kaa wa namna hiyo hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya kumwonea mvuvi.

Ndiyo sababu ufugaji wa kunenepesha kaa ukaingia katika mwambao wetu. Badala ya kuuzwa kwa bei ya kutupwa, kaa mwepesi huwekwa katika kizimba ndani ya hori, maji ya bahari yakipwa na kujaa juu yake, naye hulishwa kwa muda wa wiki mbili hadi nne mpaka ajae. Kazi hii haihitaji shamba kubwa wala mtambo. Inahitaji kizimba, chakula na uangalifu. Leo tunapenda kuzungumzia hicho chakula, kwa kuwa hapo ndipo faida ya mfugaji hupatikana au hupotea.

Wengi wakiulizwa kaa apewe chakula kiasi gani, hujibu kwamba apewe mpaka ashibe, na kikizidi si kitu, bahari itakichukua. Jibu hili lina ukarimu, lakini halina hesabu. Sisi tunasema kwamba kaa, kama kiumbe kingine chochote kinachofugwa, hana budi kupimiwa.

Kwanza ieleweke jinsi kaa anavyokua. Hakui kidogo kidogo kila siku kama ndama au kifaranga. Gamba lake ni gumu wala halitanuki. Ili akue, sharti alivue lile la zamani, ajitanue kwa kunywa maji, kisha gamba jipya likauke na kukomaa. Baada ya hapo ndipo nyama hujengeka pole pole mahali pa yale maji. Kwa hiyo kuna kazi mbili ambazo mfugaji hapaswi kuzichanganya. Kumnenepesha kaa mkubwa mwepesi ni kujaza ghala ambalo tayari limejengwa. Kumkuza kaa mdogo ni kujenga ghala jipya mara kwa mara, kazi ya miezi kadhaa.

Kutokana na tofauti hiyo, kipimo nacho hutofautiana. Miongozo ya wafugaji wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambako ufugaji huu una mizizi ya miaka mingi, inashauri kaa mdogo, ambaye upana wa gamba lake haujafikia sentimita 6, apewe kwa siku chakula kibichi chenye uzito wa asilimia 10 ya uzito wake. Akishapita hapo, kipimo hushuka hadi asilimia 5. Kwa kaa wa kunenepeshwa, kiwango kinachotumika ni kati ya asilimia 5 na 10. Mdogo, basi, hula zaidi kwa kulinganisha na mwili wake, ingawa fungu lake ni dogo kwa macho. Kaa wa gramu 400, kwa asilimia 5, atapewa gramu 20.

Tuiweke hesabu hii katika kizimba. Mfugaji mwenye kaa 50, kila mmoja akiwa na gramu 400, ana kaa wenye uzito wa kilo 20. Chakula chao cha siku ni kilo 1, au kilo 2 kwa kiwango cha juu. Kwa siku 21 atahitaji kilo 21 hadi 42. Akiwa mtu wa kumimina bila kupima, akatoa kilo 4 kila siku, atakuwa amezamisha kilo 84. Nusu ya hizo au zaidi zimeoza chini ya kizimba. Samaki hao wangekuwa kitoweo cha watoto au fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Wazee wetu walikuwa na neno moja kwa matumizi ya namna hii: israfu.

Wala hasara haiishii hapo. Chakula kilichooza huchafua maji ya kizimba, na kaa aliyefungiwa hawezi kuhama kutafuta maji safi kama yule wa porini. Maji yakipwa, mfugaji ayaondoe mabaki yote kabla ya kutia chakula kipya. Mabaki hayo ndiyo yatakayomwelekeza. Yakionekana asubuhi, fungu la jioni lipunguzwe. Kizimba kikikutwa kitupu kabisa siku mbili tatu mfululizo, liongezwe kidogo. Msimu wa masika, maji ya mto yanapozidi ya bahari, ukaguzi huu ufanywe kwa makini zaidi. Ifahamike pia kwamba kaa koko ni mtembezi wa usiku. Sehemu kubwa ya chakula chake itolewe jioni, jua likizama, wala si mchana anapojificha.

Aina ya chakula nayo ina maana. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Australia katika miaka ya 1970 juu ya yale yanayokutwa tumboni mwa kaa huyu ulionyesha kwamba porini hula zaidi konokono wa baharini na viumbe wa jamii ya chaza, kisha kaa wadogo. Samaki ni sehemu ndogo tu. Hivyo hakuna sababu ya kumnyang'anya binadamu samaki mzuri ili alishwe kaa. Vichwa na matumbo ya samaki yanayotupwa pwani, pamoja na nyama ya tondo waliovunjwa magamba, vinatosha, mradi viwe vibichi. Ila tondo nao wasikombwe mpaka tope likabaki tupu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa upande mwingine, tusieleweke kwamba tunahimiza unyimivu. Kaa mwenye njaa humla mwenzake, na aliyetoka kujivua gamba, akiwa laini, ndiye wa kwanza kuliwa. Kila kaa awe na chumba chake ndani ya kizimba. Akikaribia kujivua gamba huacha kula mwenyewe. Mfugaji asishtuke akamrundikia chakula. Aondoe kilichobaki, amwache atulie mpaka gamba lianze kuwa gumu, ndipo amrudishie fungu lake.

Na akishajaa? Mfugaji ambonyeze kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na mashina ya miguu. Pakibonyea, bado. Pakiwa pagumu, kaa yu tayari kwa soko. Kumlisha baada ya hapo hakumwongezei kitu, kwa kuwa ghala limejaa na kuta zake hazitanuki. Kila siku anayokaa kizimbani ni gharama bila pato.

Wapo watakaouliza: mizani itatoka wapi kisiwani? Swali ni la haki. Lakini kila kijiji kina duka, na duka lina mizani. Mfugaji achukue kopo moja, apime dukani mara moja tu chakula kinachoingia humo, alitie alama, na hicho kiwe kibaba chake. Kaa nao wapimwe wachache siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kisha yote yaandikwe katika daftari la shule: wameingia wangapi, wamekula kiasi gani, wamekufa wangapi, wametoka na uzito gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa tuna neno kwa viongozi na watumishi wa Serikali. Taarifa za miradi ya namna hii mara nyingi huhesabu vikundi vilivyoundwa na vizimba vilivyojengwa. Kizimba si pato. Kinachotakiwa kujulikana ni uzito ulioingia, chakula kilicholiwa na uzito uliotoka. Bwana Samaki na Bibi Samaki wanaotumwa visiwani wawezeshwe kwa boti na mafuta ili wafike vijijini kwa ratiba ya maji, si kwa ratiba ya ofisi. Wakifika, wakae na akina mama na vijana mpaka hesabu ya kibaba ieleweke. Somo la asubuhi moja juu ya asilimia 5 linaweza kuokoa chakula kingi kuliko hotuba kumi za kuhamasisha.

Delta hii ina historia yake katika jambo la ufugaji wa baharini. Mwaka 1997 Serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba katika maelfu ya hekta za eneo hili. Wananchi na watetezi wa mazingira waliupinga, shauri likafika mahakamani, na mradi haukutekelezwa. Waliopinga hawakukataa maendeleo. Walihofia mikoko ambayo ndiyo makao ya samaki, kamba na kaa, katika msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Vizimba vidogo vinaweza kukaa chini ya mikoko iliyosimama bila kuangusha hata mti mmoja, na vikijengwa kwa mianzi havihitaji kugusa msitu huo unaolindwa kisheria. Lakini vizimba mia vinavyooza kwa chakula cha ziada vitalichafua hori lile lile ambalo wananchi walilitetea.

Tunawaomba wenzetu wa visiwani waanze na bamvua lijalo. Kaa 10 tu wa gramu 400 wapimiwe gramu 200 kwa siku, mabaki yaangaliwe kila asubuhi, na daftari liandikwe. Mwezi ukiisha, kila kikundi kilete hesabu yake mbele ya mkutano wa kijiji, na ofisa anayehusika awepo kuisikiliza. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba chenyewe tumekwisha kukijua.